Utu Wakati Kumbukumbu Zinapotoweka

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na magonjwa kadhaa ya ubongo, ule wa Alzheimer ukiwa ndio ulioenea zaidi, na humpokonya mtu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujiendesha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi nayo. Dawa ya kuiponya haipo, hivyo mzigo mkubwa unabaki kwa anayeuguza. Naye kila siku, ajue asijue, analijibu swali la kifalsafa: huyu aliyesahau hata jina lake, ni nani?

Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kikuu, alieleza kuwa mtu hubaki yuleyule kwa kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma na kuyashika yaliyopita. Hakuwa akiwazungumzia wagonjwa. Lakini ukiyafuata maneno yake hadi mwisho, bibi asiyeikumbuka harusi yake si yule aliyeolewa. Fikra ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme, mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwamba "mama tuliyemjua alishaondoka".

Aliyeipinga kwa nguvu ni Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, mwanasaikolojia aliyewahi kuwa kasisi na kufundisha shule nchini Uganda. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, Dementia Reconsidered, alieleza utu kuwa ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake ndani ya uhusiano. Alimfuata mwanafalsafa Martin Buber, ambaye mwaka 1923 alitofautisha kumkabili mwenzako kama "wewe" na kumkabili kama kitu. Kwetu wazo hili si geni: mtu ni watu. Tena Kiswahili kimekwenda mbali zaidi, kwani tukisema "hana utu" hatumsemi aliyesahau, tunamsema aliyemtendea mwenzake vibaya.

Kitwood aliorodhesha mambo 17 yanayoumomonyoa utu wa mgonjwa: kumdanganya ili atii, kumsemesha kama mtoto, kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, kumfanyia kazi anayoiweza. Mojawapo linastahili kutazamwa kwa makini, nalo ni kumwendesha mbio. Muuguzi ana wagonjwa wengi na asubuhi ni fupi, kwa hiyo anamvisha mzee shati kabla mzee hajaelewa kwamba anavishwa. Mzee anakaza mikono, na kwenye faili inaandikwa kuwa ni mkorofi. Kitwood alisisitiza kuwa madhara haya kwa kawaida hayatokani na nia mbaya. Yamo katika mazoea ya kazi yenyewe. Naona hapo ndipo hoja yake ilipo na nguvu kuliko kwingine kote, maana inaonyesha kwamba sehemu ya kile tunachokiita dalili ni jibu la mgonjwa kwa jinsi anavyoguswa.

Hata hivyo hoja ya Kitwood ina ufa. Hadhi inayotolewa na wengine, wengine hao wanaweza kuinyang'anya. Je, mzee aliyetelekezwa na wote hana utu? Mtafiti wa Toronto, Pia Kontos, alilitafuta jibu mwilini. Katika makao ya wazee alimwona mwanamke mwenye demensia akiupapasa mkufu wake wa lulu uliofunikwa na kitambaa cha kulia, akautoa nje uonekane, ndipo akaanza kula. Hakuna aliyempa heshima ile; alikuwa nayo. Kadhalika bibi aliyepotewa na majina ya wajukuu wote anaweza kuitikia "marahaba" bila kusita, kwa sauti ileile ya miaka yote, kwa sababu mazoea ya mwili hudumu kuliko kumbukumbu za matukio.

Kazi ya muuguzi basi ni kuukuta utu huo na kuuitikia. Nchini Ufaransa, Yves Gineste na Rosette Marescotti waliijengea kazi hiyo mbinu waliyoiita Humanitude: mkaribie mgonjwa kwa mbele, macho kwa macho, mweleze kila unachofanya hata kama hajibu, mguse kwa kiganja kizima, usimkamate kifundo cha mkono, msaidie asimame kila inapowezekana.

Gumu zaidi ni suala la ukweli. Mzee wa miaka themanini anaamka usiku akimtafuta mama yake. Ukimwambia alishafariki, anafiwa upya, na kesho atafiwa tena. Ukimwambia anakuja, umemdanganya. Naomi Feil, aliyekulia katika makao ya wazee ya Cleveland walikofanya kazi wazazi wake, alifundisha njia isiyopita kote kuwili: kumfuata mzee aliko. Muuguzi anaketi kitandani, anamshika mkono na kumuuliza, "Mama alikuwa anakupikia nini, mzee wangu?" Kisha anasikiliza.