Moto wa Walpurgis si wa Kale Kama Unavyodaiwa

Usiku wa tarehe 30 Aprili, kijiji cha Schierke, chini ya mlima Brocken katika safu ya Harz huko Ujerumani, hujaa watu waliovaa kama wachawi na mashetani, wakishangilia kuondoka kwa baridi. Wageni huambiwa kwamba hii ni mila ya kipagani iliyolishinda Kanisa. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Walburga, aliyeupa usiku huo jina, alikuwa mtawa kutoka Uingereza aliyeongoza monasteri ya Heidenheim katika karne ya 8. Hakuwa na habari za fagio wala ungo. Sifa ya Brocken kuwa uwanja wa wachawi ilisambazwa na kalamu. Mwaka 1668 mwandishi Johannes Praetorius alichapisha mjini Leipzig kitabu kizima kuhusu mikutano ya wachawi mlimani humo, na mshairi Goethe, aliyeupanda mlima Desemba 1777, akauingiza katika tamthilia yake Faust mwaka 1808, Schierke ikitajwa kwa jina. Sherehe ya kupangwa kileleni ilianzishwa mwaka 1896 na mchapishaji Rudolf Stolle wa Bad Harzburg. Miaka michache baadaye treni ikafika huko juu, na utalii ukafanya yaliyobaki.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba wakulima wa Ulaya waliwasha mioto ya machipuko tangu zamani, ili kukinga mifugo na mashamba, na kwamba msomi Jacob Grimm aliyaandika hayo mwaka 1835. Sikatai. Lakini moto waweza kuwa wa kale na kisa kinachosimuliwa kando yake kikawa kipya. Wala upya si aibu: Brocken ulifungwa na serikali ya Ujerumani Mashariki kuanzia Agosti 1961, na waandamanaji walipoufungua tarehe 3 Desemba 1989, watu wa Harz walikuwa na sababu yao wenyewe ya kusherehekea. Kinachonisumbua ni kwamba kuusingizia upagani kunaficha chimbuko halisi. Mchawi anayeruka kwenda kukutana na shetani alikuzwa na maungamo yaliyokamuliwa kwa mateso mahakamani, na sheria ya mwaka 1532 ya dola iliyotawala nchi za Kijerumani iliagiza achomwe moto aliyedhuru watu kwa uchawi. Praetorius aliandika wakati hukumu hizo zikiendelea bado. Maelfu waliuawa katika nchi za Kijerumani, wengi wao wanawake. Sherehe na iendelee, lakini kijiji kinachotupa sanamu ya mchawi motoni bila kuwataja watu hao kinafanya mzaha na makaburi.