Kisigino cha Ngata, cha Kupachua

Kiko kitu ambacho mafundi viatu wa mwambao wetu na wa Maskati wamekishika mikononi kwa miaka mingi, na ambacho lugha yetu haijakipa jina lililotimia: nacho ni kile kipande cha mpira kikaacho chini ya kiatu upande wa nyuma, kilicholainishwa kwa ndani ili kipokee kishindo cha mguu, na kilichoundwa kwa namna ya kutiwa na kutolewa bila ya kukidhuru kiatu chenyewe. Watu hukiita kisigino cha mpira, na jina hilo ni sahihi, walakini linataja kile kilichotumiwa kukiunda na kunyamaza juu ya mambo mawili ambayo ndiyo yaliyomkalisha mbunifu akafikiri, yaani ulaini wake na kutoka kwake. Katika makala haya nitakiita kisigino cha ngata, cha kupachua, na ni wajibu wangu kueleza kwa nini nimeyachagua maneno hayo nikayaacha mengine yaliyo mepesi zaidi kumjia mfasiri.

Naandika haya nikiwa Sidab, kijiji cha wavuvi kilichoko baina ya Maskati ya kale na al-Bustan, kilichobanwa na majabali ya mawe meusi yanayoshuka mpaka baharini, ambapo kiatu kimoja katika siku moja hukanyaga kokoto za mlimani, saruji yenye maji ya chumvi pale mashua zinapopakuliwa, na marumaru za maofisi ya mjini. Kiswahili kimo katika nyumba nyingi za Maskati na viunga vyake, nyumba ambazo watu wake walirejea kutoka Unguja na Mrima baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, wakaja na majina ya viatu vyao: makubadhi, ndara, skuna, mitalawanda. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho kwa asili yake kina ulaini wa kusudi chini ya kisigino, maana mtalawanda ni mti mtupu na kubadhi ni ngozi juu ya ngozi. Na kwa kuwa kitu hakikuwapo, neno lake nalo halikuhitajiwa.

Mpira wenyewe si mgeni kwetu. Kabla ya 1900 utomvu wa mbungo wa porini ulikusanywa barani ukaletwa pwani na kusafirishwa kupitia Unguja, na mmoja wa mitambazi hiyo umepewa na wataalamu wa mimea jina la John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja wakati wa Seyyid Barghash. Lakini utomvu mbichi haufai kiatu, kwa sababu hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Uliofaa ni ule uliochanganywa na salfa ukatiwa motoni, hikima aliyoigundua Charles Goodyear katika Marekani mwaka 1839 na kupata hataza yake 1844, wakati ambapo Thomas Hancock wa Uingereza alikuwa amekwisha kuiwania kwa upande wake. Ikapita zaidi ya nusu karne kabla ya mtu kupata faida ya hikima hiyo chini ya kisigino. Mtu huyo ni Humphrey O'Sullivan, mhamiaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi ya kupiga chapa katika mji wa Lowell, Massachusetts; na kwa kuwa alishinda amesimama juu ya sakafu ya mawe, alijitandikia kipande cha mkeka wa mpira, na wenziwe walipozoea kumchukulia mkeka wake akakata vipande viwili vya kadiri ya visigino vyake akavigongomea chini ya viatu, asiweze tena kunyang'anywa. Hataza yake ni ya tarehe 24 Januari 1899. Asomaye habari hii hali anashinda juu ya marumaru ya benki au ya wizara hana haja ya kuelezwa zaidi juu ya manufaa yake.

Sasa nije kwenye neno ngata. Tafsiri ya haraka ingesema mto, nami naliona jina hilo kuwa limekosa shabaha, kwa kuwa mto hulaliwa au hukaliwa kwa ajili ya raha, na aliye juu yake hana mzigo wala mwendo. Ngata, ambayo wengine kwetu huiita kata, ni kitambaa au majani yaliyozungushwa yakawekwa baina ya kichwa na mtungi, na kazi yake si kumstarehesha mtu bali ni kuutandaza uzito ili usimkandamize mahali pamoja, na kuuzuia usiyumbe anapokwenda. Hiyo ndiyo kazi ya ulaini wa kisigino hasa. Mtu anapotembea, kisigino ndicho kifikacho ardhini mwanzo, na nguvu ambayo ardhi humrudishia huzidi kidogo uzito wa mwili wake, ilhali akikimbia hufika mara 2 hata 3 ya uzito huo. Mwenyezi Mungu amemwekea mwanadamu chini ya mfupa wa kisigino tabaka la mafuta lenye unene wa milimita 18 hivi kwa mtu mzima, na mafuta hayo hayakuachwa yatambae ovyo, bali yamefungiwa katika vijumba vidogo vidogo vyenye kuta za nyuzi imara, hata yakandamizwapo hayana pa kukimbilia ila hutuna na kurejea. Uzee huupunguza uwezo huo wa kurejea, na ndiyo sababu mojawapo ya wazee kulalamika juu ya visigino vyao wakanyagapo sakafu ngumu. Mwenye kuunda kisigino cha ngata, basi, anaiongeza ngata nyingine chini ya ile aliyoumbiwa mtu, na hana mwalimu bora kuliko ile ya kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa nitakawia. Hudhaniwa kwamba, maadamu mpira ni laini, kila kipande cha mpira chini ya mguu kitakuwa laini, na sivyo. Mpira hukubali kugeuzwa sura lakini haukubali kupunguzwa ujazo: ukiubana juu na chini hufutuka pembeni, na ukiuzuia kufutuka pembeni hubaki mgumu kana kwamba si mpira. Fundi akichukua mpira mororo kabisa akaujaza barabara ndani ya kikombe cha ngozi ngumu au cha bati, amekwisha kuupoteza ulaini wote alioulipia, na atakayevaa kiatu hicho atasema, tena kwa haki, kwamba ameuziwa jiwe. Kwa hiyo ulaini wa kisigino hautoki katika mpira peke yake, bali hutoka katika nafasi uliyoachiwa mpira. Na usanifu wote wa kitu hiki, ukiutazama vizuri, ni usanifu wa mahali patupu. Mbunifu hutoboa matundu au huchimba mifereji ndani ya ngata, akaacha baina yake kuta nyembamba zenye kuweza kupinda, na kwa kuzidisha au kupunguza upana wa kuta hizo huamua kisigino kibonyee kiasi gani chini ya mtu wa uzito gani.

Matundu hayo yafunguke upande gani? Yakifunguka chini, mchanga na kokoto za Sidab zitayajaza kwa muda mfupi, na yaliyojaa mchanga si matundu tena. Yafunguke juu, yakielekea kiatuni, na chini yazibwe na uso wa kukanyagia ulio mgumu zaidi. Napendelea ngata iwe na ugumu wa karibu 40 kwa kipimo cha Shore A, na uso wa kukanyagia uwe karibu 70, sawa na uso wa gurudumu la gari, ili kinachosuguana na ardhi kisiwe kile kinachopokea kishindo. Ulaini nao una mpaka wake: kisigino kilicho laini kupita kadiri huzama upande mmoja mtu akanyagapo jiwe, kikampindua kifundo cha mguu, na kona ya nyuma upande wa nje, ambayo kwa watu wengi ndiyo ya kwanza kulika, haina budi kuachwa bila ya tundu ili isibonyee kabla ya wenziwe.

Neno la pili ni kupachua. Kiswahili kina vitenzi vinavyokwenda viwili viwili, kimoja cha kutia na kimoja cha kutoa, na kila jozi ina namna yake ya kushikiza: kubandika na kubandua ni kazi ya gundi, kuchomeka na kuchomoa ni ya kitu chenye ncha, kupachika na kupachua ni ya kitu kilichotiwa katika nafasi yake kikabanwa na nafasi hiyohiyo. Kisigino tunachokisema ni cha jozi hii ya tatu. Nimeona watu wakiandika kisigino cha kubanduka, nao hawatambui kwamba wanakitangaza kwa aibu, kwani kinachobanduka hubanduka chenyewe, njiani, bila ya ruhusa ya mwenyewe. Ama tusemapo cha kupachua, twasema kama tusemavyo kiti cha kukunja, na kila mtu anafahamu kwamba kiti hicho hakijikunji kikiwa na mtu juu yake.

Namna za kupachika zimejaribiwa nyingi. Misumari ndiyo ya zamani, na taksiri yake ni kwamba kila kisigino kipya huacha matundu mapya katika kitako cha kiatu, mpaka siku moja hapabaki pa kushika msumari. Waingereza wa kampuni ya Wood-Milne walitumia kisigino cha duara kilichoshikwa kwa parafujo moja ya katikati, chenye kuzunguka kidogo kidogo mtu anapotembea ili kilike sawasawa pande zote. Nao ulikuwa ubunifu wa akili sana, isipokuwa parafujo ya chuma katika maji ya chumvi hushika kutu kwenye hesi zake, na baada ya hapo haifunguki ila kwa kukatwa. Mimi nashauri kikalio cha bamba kiwekwe moja kwa moja katika kiatu, chenye kingo mbili zilizokunjwa kwa ndani, na kisigino kiteleze baina ya kingo hizo. Lakini kitiwe kutokea wapi? Wepesi wa mkono husema kutokea nyuma, na wepesi huo ni hatari, kwa sababu kisigino kinapofika ardhini mwili ungali ukienda mbele na ardhi hukivuta kisigino nyuma. Kilichoingia kwa nyuma kitatoka kwa nyuma. Kitiwe kutokea mbele, kwenye uvungu wa wayo, kisukumwe nyuma mpaka kigote kwenye kizuizi, na komeo dogo la mbele likizuie kisirudi. Hapo kila hatua itakikaza badala ya kukilegeza. Na vibadilishwe vyote viwili pamoja, cha kulia na cha kushoto, ili mtu asitembee mmoja juu mmoja chini.

Juu ya vitu vya kuundia nitasema kwa ufupi yale ambayo pwani ya Omani inayalazimisha. Bamba na komeo viwe vya shaba au vya chuma kisichoshika kutu. Mpira wa asili una mrejeo mzuri sana, walakini hufura ukipata petroli na mafuta ya mashine, ambavyo havikosekani penye mashua za injini. Kwa mvuvi, basi, uso wa kukanyagia uwe wa mpira wa nitrili au wa neopreni, mpira wa kuundwa uliotoka katika maabara ya DuPont mwaka 1930. Gundi isitegemewe, kwani joto la kiangazi la Maskati hupita nyuzi 40 kivulini, na lami ya barabara huwa kali kuliko hapo. Na soli za poliyurethani, ambazo leo ziko katika viatu vingi vyepesi, huliwa na unyevu wa hewa hata zikiwa kabatini: mtu huvitoa viatu alivyoviweka kwa ajili ya arusi, ngozi yake ingali inang'aa, na kabla ya kufika mlangoni kisigino kimekwisha kuwa unga. Kiatu hicho hutupwa kizima kwa sababu ya sehemu yake moja. Kama kisigino kingekuwa cha kupachua, kingenunuliwa kipya kikatiwa, na ngozi ikaendelea na umri wake.

Imebaki shubuha moja katika jina. Kiswahili hutumia kisigino kwa mguu na kwa kiatu, na huenda mtu akauliza kama kisigino cha ngata si kiungo cha mwili. Jawabu ni kwamba pako mahali ambapo maana hizo mbili hukutana kweli, nami sioni dhara. Mguu wa bandia uitwao SACH, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha California katika miaka ya 1950, una kifundo kisichopinda na kabari ya mpira laini pale penye kisigino. Kabari hiyo ibonyeapo, wayo hutua chini kana kwamba kifundo kimepinda. Hicho ni kisigino cha ngata kwa kila hali, ila si cha kupachua. Mafundi wa viungo bandia wanaosomeshwa katika chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, wanahitaji neno hili pengine kuliko mshona viatu, kwa kuwa wao humweleza mgonjwa kwa Kiswahili kitu atakachokitembelea maisha yake.

Nawaomba kwa hiyo wenye kutunga kamusi waviandike vipande hivi kwa majina yake: kikalio ni bamba lililofungwa kiatuni, ngata ni sehemu laini yenye matundu, uso wa kukanyagia ni sehemu ngumu ya chini, na vikiwa pamoja ni kisigino cha ngata, cha kupachua. Na fundi wa Matrah, wa Ruwi au wa Darajani kule Unguja atakayeletewa kisigino cha mpira na mchuuzi anayeusifu ulaini wake, akigeuze kwanza atazame yako wapi matundu. Akikiona kimejaa tele kama tofali, asikinunue.