Utandu, si Rangi

Rangi ni neno lililolemewa. Tulilipata kwa Waajemi, na tangu hapo tumelitwika kila kinachoonekana juu ya kitu: rangi ya ukuta, rangi ya machweo, rangi ya ngozi ya mtu, hata ule mng'ao wa dhahabu wenye vivuli vya kijani na waridi kwenye kabureta kongwe za Rochester au Holley. Hapo ndipo linapotuumiza. Mwambie fundi wa Nyakasanza, pale Bunia, kwamba kabureta imepoteza rangi yake ya kwanza, naye atatii neno ulilomwambia: atatafuta kopo na kuipulizia rangi. Usimlaumu. Sisi walinzi wa lugha hatujampa neno jingine.

Kilichopotea hakikupakwa. Kiwandani, kabureta ilizamishwa sekunde chache katika maji ya dikromati na tindikali. Zinki ya juu ikaliwa kidogo, ikaungana na kromi, ikajifanyia ngozi mpya. Je, hiyo tuiite nini?

Mchovyo ndilo linalotangulia mdomoni, kwa kuwa tunasema mkufu wa kuchovya dhahabu. Ni neno zuri, nami ningependa mafundi wote walitumie kwa vyuma vinavyovikwa nikeli au kromi. Lakini mkufu wa kuchovya huvaa madini ya kigeni juu ya mwili wake. Ngozi ya kabureta sehemu yake imetoka ndani, kwenye zinki yenyewe. Mchovyo unataja kitendo na kusahau kilichozaliwa.

Wapishi wa pwani wana neno utandu, kwa maana ya ukoko: tabaka la wali lililoshika chini ya chungu. Hakuna aliyelileta tabaka hilo kutoka nje. Ni wali uleule, umegeuzwa na moto. Ndiyo maana nalichagua neno hili. Shina lake ni tanda, kitenzi cha mawingu yanapofunika anga lote bila kuacha mwanya. Na lina faida ya pili: linakubali kitenzi ota. Tunaweza kusema utandu umeota, na kazi ya fundi ikawa kuotesha utandu upya. Sarufi yenyewe inamzuia kushika kopo.

Jirani yake, utando, tumwachie kazi nyingine. Buibui huuacha mahali alipopita. Vivyo hivyo petroli iliyolala miaka ndani ya kabureta huacha gundi ya kahawia inayoziba vijitundu. Huo ni utando: hutolewa. Utandu hutunzwa. Irabu moja inatenganisha uchafu na urithi, na sioni hatari, kwani Kiswahili kimezoea kuziamini irabu zake.

Kutu nalo tulibane. Kutu ni nyekundu, ni ya chuma. Zinki ikilala kwenye unyevu hutoa unga mweupe, kama ule unaoonekana kwenye manjanja, mabati ya kuezekea, yaliyorundikwa yakiwa na maji katikati. Wengi husema kutu nyeupe, jina linalojipinga lenyewe. Tuna koga, neno la kale la kile kinachoota juu ya vitu vilivyosahauliwa mahali penye unyevunyevu. Kabureta imeshika koga: nani hataelewa?

Kuhusu mwili wenyewe wa kabureta, nina uchungu. Tafsiri za mashine zimetuletea "chuma cha kutupwa", ambacho kwa sikio lolote la Kiswahili ni chuma cha jalalani, na mbaya zaidi "kufa akitoa", maneno yasiyo na baba wala mama. Wakati huohuo tuna kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu, na maneno yote mawili yamekaa katika lugha yetu tangu Waarabu walipotuletea. Anayeyeyusha mabaki ya alumini kutengeneza sufuria anasubu. Kabureta imesubiwa. Kinachotoka kwenye kalibu nakiita kisubiwa.

Aloi yake, zamaki, tuipokee ilivyo. Iliundwa Marekani mwaka 1929 na kampuni ya New Jersey Zinc, na jina lake limeunganishwa kwa herufi za Kijerumani za zinki, alumini, magnesi na shaba. Kongo, nchi yenye zinki ya Kipushi, ina haki ya kulitamka kama lake.

Na kabureta? Bunia jina hilo linaingia kwa milango miwili: carburateur ya Kifaransa, kila ulimi na irabu zake, na kabureta inayovuka mpaka kutoka Uganda. Mizizi yote inaishia kwenye neno la Kilatini la makaa. Siundi jipya. Kabureta limekwisha kuwa mwenyeji.

Msasa unastahili onyo. Ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake yanayokwaruza yalisugua mbao za mababu. Leo kupiga msasa maana yake ni kuboresha, na kwa insha au sheria ni sawa. Kwa kisubiwa cha zamaki ni kukichuna. Hapo nasema kuosha na kulowesha.

Tena, si kila kabureta ilikuwa na utandu wa dhahabu. Solex na Zenith nyingi za Ulaya ziliachwa na kijivu cha zamaki tupu, na kuzipaka dhahabu ni kuzisingizia. Ndiyo sababu napendelea "sura ya kiwandani" kuliko "sura ya asili": asili ya metali ni mwambani, na ya kabureta ni kiwandani.

Neno la mwisho ni dawa. Tunasema dawa ya viatu, dawa ya mende, na fundi husema dawa ya kurudisha mng'ao. Dawa hiyo ni dikromati, yenye kromi ya aina inayosababisha saratani. Huumiza ngozi na mapafu, na rangi yake ya chungwa humvutia mtoto. Juu ya chupa yake liandikwe neno moja, kwa herufi kubwa: SUMU.