Burundi: Watu Juu, Mji Chini

Ramani ya Burundi ni ndogo na inadanganya. Inaonyesha nchi ya kilomita za mraba 27,834 iliyobanwa kati ya Rwanda, Tanzania na Kongo, lakini haionyeshi kinachoamua mambo huko: kimo. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Bugarama, kabla ya kumaliza kilomita 40 umeshapanda zaidi ya mita elfu moja, na joto la ziwani limegeuka ukungu. Njia hiyo vijana wa baiskeli huteremka kwa kasi na mikungu ya ndizi, kisha hupanda tena wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori.

Juu kabisa ni mgongo wa milima unaogawa maji, wenye mlima Heha unaozidi mita 2,600. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huishia mto Kongo kwa kupitia ziwani. Sehemu kubwa ya ile ya mashariki hufuata mto Ruvubu hadi Nile. Ndiyo maana huko Rutovu kuna piramidi ndogo ya mawe, iliyojengwa mwaka 1938 kuonyesha chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote.

Kwingi duniani milima huwa na watu haba na mabonde ndiyo hujaa. Burundi mambo ni kinyume, na sababu haifichiki. Juu kuna mvua ya kutosha, baridi isiyopendwa na mbu wa malaria, na malisho yasiyo na mbung'o. Chini, katika tambarare ya Imbo, malaria ilikuwa kawaida, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalifagia kando za ziwa. Basi watu walijenga kilimani, kila kaya katikati ya migomba yake, bila vijiji. Mpaka leo kilima ndicho ngazi ya utawala iliyo karibu zaidi na raia.

Milima ilikuwa pia ngome. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, tajiri wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao Ujiji, alijaribu kuingia ndani ya Burundi. Majeshi ya mwami (mfalme) Mwezi Gisabo yalimzuia. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko linavyopewa nafasi vitabuni: maeneo mengi ya jirani yalipoteza watu kwa biashara ile, ilhali vilima vya Burundi vilibaki na watu wake. Kiswahili nacho kilibaki kando ya ziwa, na hata sasa mtaa wake mashuhuri ni Buyenzi, pale Bujumbura.

Wajerumani walimlazimisha Gisabo kukubali mamlaka yao mwaka 1903. Mwaka 1912 walianzisha Gitega, katikati ya nchi, kuwa kituo chao kikuu cha utawala. Wabelgiji waliowafuata walipendelea bandari, wakaitawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo. Nchi ya watu wa juu ikaongozwa kutoka chini, na huko juu wakulima wakalazimishwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930. Gitega ilitangazwa tena makao makuu ya siasa mwishoni mwa 2018.

Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8. Leo wamepita milioni 12, wengi wao wakilima. Shamba la nusu hekta hugawiwa wana, nao huwagawia wana wao, hadi miteremko mikali iliyoachiwa nyasi ikapigwa jembe. Mvua kubwa ikija, udongo huteremka na mito hadi ziwani.

Imbo nayo ilipopata dawa na michikichi, ikawa ardhi ya kugombewa. Umwagaji damu wa 1972 uliwakimbiza watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac, huko Imbo, hadi Tanzania, kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mashamba yao yakachukuliwa na wengine. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya laki moja na nusu kati yao na watoto wao. Waliorudi walikuta kwenye viwanja vyao familia zilizozaa na kuzika hapo kwa miaka 30 na zaidi. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi ya kuamua nani apewe michikichi ile.