Tope la Minamata lilitoa ushahidi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huo ulitimia katika ghuba ya Minamata, kusini mwa Japani, ambako sumu ilijificha katika tope la chini ya bahari.

Tangu mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ambayo ni malighafi ya bidhaa nyingi za viwandani. Maji machafu yake yalimwagwa baharini. Mwezi Mei 1956 daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, Hosokawa Hajime, alitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana. Watoto walishindwa kutembea na kusema. Paka wa wavuvi nao waliyumba kama walevi, wengine wakatumbukia baharini.

Je, sumu ilitoka wapi? Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walipima tope la mahali mfereji wa kiwanda ulipomwaga maji. Walikuta kiasi cha kilo 2 za zebaki katika kila tani.

Lakini kipimo cha tope peke yake hueleza kiasi cha sumu tu. Hakielezi sumu hiyo itamfanya nini mlaji wa samaki. Sehemu ya zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina inayojikusanya mwilini mwa samaki na kombe, kisha ikapenya hadi kwenye ubongo wa binadamu. Ndiyo maana alihitajika shahidi wa pili, kiumbe hai. Daktari Hosokawa alimlisha paka namba 400 chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Mwezi Oktoba 1959 paka huyo akashikwa na dalili zile zile.

Mashahidi wawili walikuwa wamekwisha sema. Hata hivyo, kampuni iliyaficha matokeo ya paka huyo, na zebaki ikaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Ni mwaka huo ndipo serikali ilipokiri chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa mgonjwa kitandani, aliieleza mahakama ukweli. Watu zaidi ya 2,000 walitambuliwa rasmi kuwa waathirika.

Kusafisha ghuba kulianza mwaka 1977 na kumalizika mwaka 1990. Tope la mita za ujazo zipatazo milioni 1.5 lilichotwa au kufukiwa, na hekta 58 za bahari zikageuzwa nchi kavu.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la Minamata. Tanzania, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, iliuridhia mwaka 2020. Basi tupime matope ya mito, maziwa na bahari yetu, tupime na samaki wake. Na matokeo yakishapatikana, yatangazwe. Kipimo kilichofungiwa kabatini hakimwokoi mtu.