Mzigo wa Tangi la Samaki

Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua Nyumba ya Samaki. Muda si muda, Waingereza wenye uwezo wakataka matangi sebuleni.

Tatizo likawa uzito. Maji lita 200 ni kilo 200, bado mawe, mchanga na vioo. Matangi mengi ya zamani yalikuwa na fremu ya chuma, vioo vikishikwa kwa puti; stendi ikienda upande, fremu hujipinda na maji huvuja.

Karne ya 20 silikoni ilileta matangi yasiyo na fremu, na mafundi wa nyumbani wakashika mbao za mbili kwa nne kujengea stendi. Ustadi wao unastahili heshima: boriti hukalia kichwa cha mguu, mbao zibebe mzigo badala ya skrubu. Kisha pimamaji hupitishwa pande zote, hata kona kwa kona, tangi likiwa bado tupu.