Sahani ya Kuwashia: Seva za Hifadhi na Mji wa Gilgil

Seva ya hifadhi ni kompyuta ambayo kazi yake kuu ni kuweka faili za watu wengi mahali pamoja na kuzigawa kwa kompyuta nyingine za jengo lilelile. Haihitaji kioo kikubwa wala spika. Inachohitaji ni diski kuu zenye nafasi, umeme wa kutegemewa, na mfumo endeshi unaojua kutunza faili na kumtambua mwenye ruhusa ya kuzifungua. Kwa takriban miaka 20, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, mfumo huo uliingizwa kwenye mashine kwa sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12, yaani sidii, na baadaye dividii. Katika miji midogo ya Bonde la Ufa, Gilgil ukiwa mmoja wao, sahani hiyo ilifikisha programu mahali ambapo laini ya simu isingeweza kuifikisha.

Gilgil uko kando ya barabara kuu kati ya Naivasha na Nakuru, kilomita zipatazo 120 kutoka Nairobi. Reli ya Uganda ilipita hapo ilipokuwa ikielekea Nakuru, ambako ilifika mwaka 1900, nazo nyaya za telegrafu zikaandamana na reli. Mwaka 1929 tawi la reli lilifunguliwa kutoka Gilgil hadi Thomson's Falls, ambayo leo ni Nyahururu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma za posta na simu nchini Kenya zilikabidhiwa shirika jipya la KP&TC, na Gilgil ukawa na kiwanda cha vifaa vya simu, Gilgil Telecommunications Industries, kilichokuwa mali ya shirika hilo na baadaye ya Telkom Kenya. Kwa hiyo mji ulikuwa kwenye njia ya mawasiliano tangu mwanzo. Hata hivyo, waya ulipitisha ujumbe tu, haukuuhifadhi. Orodha za wanafunzi, kadi za wagonjwa na leja za vyama vya akiba na mikopo ziliandikwa kwa mkono na kufungiwa kabatini, na nyaraka za serikali zilizostahili kudumu zilipelekwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na yenye makao yake Nairobi.

Wakati huo ulimwenguni kabati la chuma lilikuwa limeanza kupata mshindani. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya RAMAC, iliyohifadhi herufi milioni 5 kwenye sahani 50 za sumaku, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24. Mwaka 1971 kampuni hiyohiyo ilileta flopi, sahani nyembamba inayochukulika mkononi. Flopi ndogo ya inchi 3.5 iliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibeba MB 1.44 pekee. Mfumo wa seva kama NetWare wa kampuni ya Novell, uliotawala maofisi mengi duniani katika miaka hiyo, ulihitaji rundo la flopi zilizoingizwa moja baada ya nyingine. Flopi moja ikiwa na doa, kazi yote ilianza upya.

Sidii iliondoa mzigo huo. Kampuni za Philips na Sony ziliitoa mwaka 1982 kwa ajili ya muziki, na baada ya muda mfupi ikapewa kazi ya kubeba data, MB 650 kwa sahani moja, kiasi kinachozidi flopi 400. Mwaka 1988 ulipatikana utaratibu wa pamoja wa kupanga faili juu yake, ISO 9660, ndiyo maana hadi leo faili lenye sura kamili ya diski huitwa ISO. Bado lilibaki tatizo moja: kompyuta ya kawaida haikuweza kuwaka kutoka kwenye sidii, hivyo fundi alihitaji flopi ya kuiamsha kwanza. Mwaka 1995 kanuni iliyoitwa El Torito, iliyotungwa na kampuni za Phoenix na IBM, ilimaliza shida hiyo. Tangu hapo sahani moja ilitosha kuamsha mashine isiyo na kitu ndani na kuiwekea mfumo mzima.

Nchini Kenya mwaka huohuo wa 1995 ndio uliowaletea watu wa kwanza huduma kamili ya intaneti, kupitia kituo cha African Regional Centre for Computing mjini Nairobi. Kabla ya hapo kulikuwa na barua pepe tu. Mwaka 1998 KP&TC ilianzisha Jambonet, mkondo wa kitaifa wa kuunganisha nchi na intaneti ya dunia, na mwaka 1999 shirika likagawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mawasiliano na nje yalipitia setilaiti, na bei yake ilikuwa kubwa. Mteja wa kawaida alitumia modemu ya simu ambayo kasi yake haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kupakua sidii moja iliyojaa kungechukua zaidi ya saa 25 hata kama laini isingekatika mara moja, na kila dakika ililipiwa. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mifumo ilisafiri kwa gari. Faili lilipakuliwa Nairobi kwenye laini ya ofisi au chuo, likachomwa kwenye sidii tupu, kisha likapanda matatu kama kifurushi kingine chochote.

Posta nayo ilikuwa na nafasi yake. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Canonical, inayotengeneza mfumo wa Ubuntu, iliwatumia watu kote duniani sidii za bure kwa huduma iliyoitwa ShipIt. Aliyekuwa na sanduku la posta aliweza kuagiza bila kulipa senti, akangoja wiki kadhaa, akapokea bahasha yenye mfumo uliokuwa na uhuru wa kunakiliwa na kugawiwa wengine. Uhuru huo ulikuwa na uzito. Sahani moja iliyofika mjini iliweza kuzaa nyingine nyingi, na aliyenakili hakuwa amevunja sheria.

Mifumo huru iliyolenga hifadhi hasa ilijengwa juu ya kazi ya watu wengi. Linux ilianza mwaka 1991. Samba, programu inayoiwezesha seva isiyo ya Windows kugawa faili kwa kompyuta za Windows, ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. FreeBSD ilitoka mwaka 1993. Mwaka 2005 Mfaransa Olivier Cochard-Labbé aliziunganisha FreeBSD na Samba katika mfumo mmoja mdogo alioupa jina FreeNAS, unaoendeshwa kwa kurasa zinazofunguliwa kwenye kivinjari. Mwaka 2011 Mjerumani Volker Theile alitoa OpenMediaVault, yenye lengo hilohilo lakini iliyojengwa juu ya Linux ya Debian.

Matoleo ya mwanzo ya FreeNAS yaliwafaa watu wa miji midogo kwa sababu mbili. Kwanza, yaliridhika na kompyuta kuukuu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilikuwa likikarabati kompyuta zilizokwisha tumika na kuzipeleka shuleni, na mashine iliyochoka kwa kazi za darasani bado ilikuwa na nguvu ya kutosha kuhudumia faili. Pili, mfumo uliweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye sidii bila kusakinishwa kabisa, mipangilio yake ikiwekwa kwenye flopi au flashi. Sidii iliyokwisha chomwa haiandikiki tena. Stima ikipotea ghafla, mfumo wenyewe haukuweza kuharibika. Stima ikirudi, seva iliwaka vilevile ilivyokuwa jana.

Usakinishaji kamili ulikuwa na hatua zilizofuatana kwa mpangilio usiobadilika sana. Baada ya kupakua faili la ISO, fundi alilinganisha namba yake ya uhakiki na ile iliyotangazwa na watengenezaji, ili kujua kwamba hakuna hata biti moja iliyopotea njiani. Kisha aliichoma sidii kwa mwendo wa polepole, kwa kuwa uchomaji wa haraka kwenye sahani za bei nafuu ulizaa makosa. Kwenye mashine, aliingia katika mipangilio ya kuwashia, yaani BIOS, na kuagiza draivu ya sidii itangulie diski kuu katika zamu ya kuwashia. Mfumo ulipoamka, uliorodhesha diski zote ulizoziona na kuuliza ujiweke kwenye ipi.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu diski iliyochaguliwa ilifutwa yote. Orodha haikuonyesha majina ya watu wala ya idara. Ilionyesha herufi na namba kama ada0 na ada1. Fundi makini alichomoa kebo za diski zenye data kabla ya kuanza, akabakiza ile moja tu ya mfumo. Kutenganisha diski ya mfumo na diski za data kulikuwa pia kanuni ya ujenzi wa seva hizi. Mfumo ukiharibika, husakinishwa upya kwa nusu saa, na faili zikabaki salama kwenye diski zake.

Baada ya mfumo kukaa, seva ilipewa anwani ya IP isiyobadilika, sahani ikatolewa, na kioo pamoja na kibodi vikaondolewa. Kazi iliyosalia ilifanywa kutoka kompyuta nyingine kupitia kivinjari: kuunganisha diski mbili kila moja iwe kioo cha nyingine, kufungua folda za pamoja, na kumpa kila mtumiaji nywila yake. Diski mbili za GB 500 zilizowekwa hivyo zilitoa nafasi ya GB 500 tu, lakini moja ikifa nyingine iliendelea kufanya kazi. Mpango huo haukuwa mbadala wa nakala rudufu. Faili lililofutwa kwa bahati mbaya lilifutika kwenye diski zote mbili kwa pamoja, na mwizi au moto hauchagui diski. Ndiyo sababu faili za maana zilichomwa tena kwenye dividii, GB 4.7 kwa kila sahani, na kuwekwa katika jengo jingine.

Mazingira ya Gilgil yaliongeza sharti lake. Ardhi ya eneo hilo ni ya majivu ya volkano, na huko Kariandusi, karibu na mji, diatomaiti ilianza kuchimbwa miaka ya 1940. Ni mwamba mweupe unaosagika na kuwa unga laini mno. Vumbi la kiangazi huziba feni na kufunika lenzi inayosoma sidii, na draivu yenye lenzi chafu husoma nusu ya diski kisha ikakwama. Kufungua mashine na kuipuliza kulitangulia usakinishaji wowote.

Zama za sahani zilianza kufikia kikomo mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa. Uti wa fibre wa kitaifa ulisambaa hadi kwenye miji ya kaunti, na simu za mkononi zikaleta intaneti mahali ambapo laini ya Telkom haikufika. ISO iliyohitaji siku nzima ikaja kwa dakika chache. Flashi ikachukua nafasi ya sidii, na kompyuta mpya zikaanza kuja bila draivu. FreeNAS nayo ilibadilika: tangu toleo la 9.3 la mwishoni mwa 2014 ilikubali vichakataji vya biti 64 tu, na mfumo wake wa faili wa ZFS ulidai kumbukumbu ya GB 8. Kompyuta kuukuu za shule zikabaki nje ya mlango. Mwaka 2020 jina lenyewe la FreeNAS likaacha kutumika, likawa TrueNAS.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kugawa vifaa vya kidijitali kwa shule za msingi za umma kote nchini, Kaunti ya Nakuru ikiwemo. Pamoja na tableti za wanafunzi, vifaa viwili vya walimu na projekta, kila shule ilitengewa seva ya maudhui yenye ruta isiyotumia waya. Hiyo ni seva ya hifadhi kwa maana yake kamili: masomo yamo ndani ya chumba, na darasa huyasoma hata intaneti isipokuwepo. Lakini mwalimu hakusakinisha chochote. Mfumo ulikuja umefungiwa ndani kutoka kwa mtengenezaji. Mwaka 2017 ulifuata mfumo wa NEMIS, ambapo taarifa za kila mwanafunzi ziliingizwa mtandaoni moja kwa moja kwenye hifadhi ya wizara ya elimu.

Swali la mahali data inapokaa limehamia ngazi ya taifa. Seva za M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu iliyoanza mwaka 2007, zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwezi Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, kusini mwa Naivasha, ambacho kingetumia umeme wa jotoardhi.

Seva ndogo ya chumbani haijatoweka, na utaratibu wa kuisimika ni uleule: kuhakiki faili, kuandaa chombo cha kuwashia, kuchagua diski kwa uangalifu, kutenga mfumo na data, na kuweka nakala ya ziada mahali pengine. Kilichobadilika ni chombo. Flashi imeshika zamu iliyoshikwa na sidii, kama sidii ilivyoipokea kutoka kwa flopi.